Risasi Kwenye Draya

Ilianza kama sarafu. Ko. Ko-ko. Ko.

Nilikuwa nimekaa sakafuni koridoni, kompyuta mapajani, nasubiri mashuka yakauke nikalale. Mzigo ulikuwa wa nyumba nzima, kwa sababu sisi wanaume watatu tulishakubaliana kwamba kila mtu kufua kivyake ni kuchoma umeme bure: mashuka yangu, jinzi za Brada, koti zito la kazini la Yaya, na mataulo ambayo hayana mwenyewe. Nikasimamisha draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, nikaingiza mkono, nikapapasa chini ya nguo. Kikaja kitu cha moto, kizito kuliko umbo lake.

Risasi.

Nzima, haijafyatuliwa. Ganda lake limetakata kwa sabuni mpaka linameta, urefu wake haufiki kidole changu cha mwisho. Nilibaki nayo kiganjani mpaka ikapoa. Cha ajabu, jambo la kwanza lililonijia halikuwa hofu. Nilisema moyoni: nimempata.

Neno hilo ndilo limenikaa kooni wiki zote hizi.

## "Si yangu"

Brada hakuwahi kunificha kwamba ana bastola. Siku nilipokuja kuangalia chumba alinionyesha jiko, akanionyesha bafu, akanionyesha kisefu cheusi ndani ya kabati lake la nguo. "Na hapo niko na ile kitu. Kama uko na shida nayo, sema sasa." Kodi ilikuwa nafuu na muhula unaanza Jumatatu. Nikasema sina shida.

Nilikuwa nayo.

Kwetu Tabora bastola tuliiita mguu wa kuku, na mwenye mguu wa kuku alikuwa ama askari kanzu ama jambazi. Babu yangu alikuwa na gobole la kuwindia, hilo silikani. Lakini gobole unalitia baruti, unashindilia, unatia gololi, unashindilia tena. Mpaka liwe tayari, mwenye hasira ameshaitwa akale.

Basi tunaishi Irving, Texas, hapa Marekani, kati ya Dallas na uwanja wa ndege, ghorofa ya tatu. Brada ni Mkenya wa Burnt Forest, ameshakuwa raia wa hapa, anaendesha gari la abiria wa kuita kwa simu, mara nyingi usiku. Yaya ni Mbembe wa Fizi, Kivu Kusini, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Anafanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Kwao yaya ni kaka au dada mkubwa. Kwa kina Brada yaya ni msichana wa kazi za ndani. Brada alicheka wiki nzima aliposikia namwita hivyo, kisha naye akaanza kumwita Yaya. Wote wawili wamenipita umri. Mimi ni "Mbongo" tu.

Nilimkuta Brada jikoni anageuza chapati. Nikaiweka ile risasi kaunta, mbele yake.

"Umesahau hii mfukoni."

Akaitazama. "Si yangu."

"Brada."

"Mimi siweki risasi kwa mfuko. Zangu ziko kwa magazini, magazini iko kwa sefu. Hiyo si yangu."

Nyumba yenye bastola moja, na risasi haina mwenyewe! Nikamwambia aichukue, akakataa. Akiichukua, alisema, atakuwa amekubali kosa. Nami nikakataa kuirudisha sefuni. Yaya alikuwa mezani anakula fufu yake, hakuinua kichwa. Nilidhani amechoka.

Mwishowe niliitupia kwenye kopo la Blue Band ninaloweka sindano na vifungo, juu ya friji. Ikakaa humo.

## Ubishi wa wapangaji

Ukitaka kubishana kuhusu bunduki Marekani, hoja zipo tayari kama nyanya sokoni. Kila mtu anachagua fungu lake. Mimi nilichagua takwimu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchi hii, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Nilipata pia utafiti uliochapishwa 2022, uliofuatilia watu wazima karibu milioni 18 wa California. Uligundua kwamba asiye na bastola anayeishi na mwenye bastola yuko kwenye hatari ya kuuawa zaidi ya mara mbili ya yule anayeishi na wasio nayo. Nilimsomea Brada hilo kwa sauti, nikiwa nimesimama, kama mhubiri.

Akauliza waliouawa na watu wa nyumbani mwao ni kina nani hasa. Ikabidi niseme kweli: wengi ni wanawake, wameuawa na waume zao au wapenzi wao.

"Sasa hapa," akasema, "nani bibi ya nani?"

Hata Yaya alicheka.

Mwenye nyumba naye hawezi kutuamulia. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamkataza kumzuia mpangaji kuweka silaha halali ndani ya alichopanga. Tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 au zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, anaweza kutembea na bastola bila kibali chochote. Na Mahakama ya Juu ya nchi ilishasema 2008 kwamba bastola ya kujilindia nyumbani ni haki ya mtu. Kisheria, basi, mwenye tatizo ndani ya ile nyumba nilikuwa mimi.

Nilimshika Brada sehemu moja tu. Kampuni anayoiendeshea hairuhusu dereva kubeba silaha. Kwa hiyo usiku, akiwa peke yake na mgeni kiti cha nyuma, bastola iko kabatini Irving inalinda mashati. Ameshawahi kuporwa kwenye kituo cha mafuta, ameelekezewa mtutu, na siku hiyo yake ilikuwa nyumbani.

"Inakulinda na nani sasa?" nikamuuliza.

Alinyamaza kidogo. Halafu akaniambia habari ya Januari 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi kwao Kenya, ambayo kwa mwaka mzima wa kukaa pamoja hakuwahi kuigusa. Alikuwa kidato cha pili. Waliona moshi mashambani tangu asubuhi, jirani kwa jirani, ukija upande wao. Baba yake alikuwa na panga moja. Polisi walikuwepo barabarani. "Walikuwa wanatuangalia tu, Mbongo. Hivi vile unaniangalia." Walilala siku tisa kwenye uwanja wa kanisa, na waliporudi hakukuwa na nyumba.

Sikuwa na takwimu ya kujibu hilo. Nilisema pole. Lakini kichwani bado nilikuwa na ile risasi ndani ya kopo, na bado nilimwona mwongo.

## Namba nne

Siku mbili baadaye aliniita chumbani kwake. Nadhani alitaka tuyamalize.

"Ili ujue sina siri," akasema, akanitajia namba nne za sefu. Kukiwa na shida yeye hayupo, nifungue. Kwa mtu kama Brada, hiyo ni sawa na kukupa ufunguo wa nyumba ya mama yake. Nikashukuru.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya majambazi.

Niko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Nilikuwa najua kijuujuu kwamba sisi haturuhusiwi kununua bunduki. Sikujua kwamba sheria ya shirikisho inatukataza hata kuwa nayo, yaani bunduki au risasi. Adhabu yake inafika miaka 15 jela, na baada ya hapo kuna kurudishwa kwenu. (Mwenye leseni halali ya uwindaji anasamehewa. Babu angefurahi.) Tena "kuwa nayo" si lazima uishike. Yatosha ujue ilipo, uwe na uwezo wa kuifikia, na uwe na nia ya kuitawala.

Nilikwenda kliniki ya bure ya sheria. Mwanasheria, mama mmoja mpole mwenye miwani shingoni, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema bastola ya mwenzangu ndani ya sefu ya mwenzangu si yangu. "Lakini kwa nini unaijua namba?"

Ndiye aliyenieleza habari ya Rehaif. Kijana wa Falme za Kiarabu alikuja kwa viza ya mwanafunzi, akafeli, chuo kikamwondoa, akabaki nchini. Akaenda uwanja wa kulenga shabaha huko Florida akafyatua bastola. Akashtakiwa, akatiwa hatiani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 majaji wakaamua kwamba serikali inapaswa kuthibitisha mshtakiwa alijua hadhi yake ya kukaa nchini ilimfanya awe miongoni mwa waliokatazwa. Mama alieleza hilo kama habari njema. Mimi nilibaki na neno moja: akafeli. Muhula ule alama zangu zilikuwa zinanitia aibu.

Sikumwambia kuhusu kopo la Blue Band.

Nilimwomba Brada abadilishe namba. Akacheka, akasema atabadilisha. Hakubadilisha. Na mimi, namba nne zikishaingia kichwani, nazitoaje?

## Saa nane usiku

Ilikuwa katikati ya Machi. Mlango ulipigwa kwa ngumi, kisha kitasa kikaanza kuzungushwa. Kisha ngumi tena. Sauti ya mwanamume, nzito, ikaamrisha mlango ufunguliwe.

Ninaandika hapa nilichofanya kwa sababu nimeshindwa kukibeba peke yangu. Sikupiga simu polisi. Sikwasha taa. Miguu yangu ilinipeleka moja kwa moja mlangoni kwa Brada, nikagonga kwa viganja vyote viwili, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Brada! Toa kitu!"

Mimi. Mhubiri wa takwimu.

Akatoka. Kifua wazi, kaptula, bastola ameishika kwa mikono miwili, mtutu umeelekea zulia. Sikuwahi kuiona nje ya sefu. Ni ndogo kuliko nilivyokuwa nikiiwaza. Na nitakuwa mwongo nikisema sikuona nafuu kuiona.

Yaya alishafika sebuleni kabla yetu. Hakusimama mbele ya mlango. Alisimama pembeni, mgongo ukutani, kama mtu aliyefundishwa utotoni kwamba mbao haizuii kitu. Akainua mkono mmoja kutuzuia. Akazungumza na mlango, kwa Kiingereza chake cha ghalani, polepole, bila kupandisha sauti:

"Rafiki yangu, unatafuta nyumba namba ngapi?"

Kimya. Kitasa kikaachwa.

Sauti ikataja namba. Ilikuwa ya chini yetu kabisa, ghorofa ya pili.

"Hapa ni ya tatu," akasema Yaya. "Shuka ngazi moja."

Tukasikia mtu akiegemea ukuta. Tukasikia tusi, la kujitukana mwenyewe. Halafu "samahani", mara mbili, ikishuka nayo ngazi.

Anayeishi Dallas hawezi kusikia habari ya kukosea ghorofa bila kumkumbuka Botham Jean. Mhasibu wa miaka 26, mzaliwa wa Saint Lucia, alikuwa kwake sebuleni jioni ya Septemba 6, 2018, askari polisi aliyeishi ghorofa ya chini yake alipoingia akidhani ni kwake, akamwona "mvamizi", akampiga risasi. Pale aliyekosea ghorofa ndiye aliyekuwa na bastola. Kwetu ilikuwa kinyume chake. Tofauti nyingine sizioni.

Brada alirudi chumbani kuirudisha, nikamfuata. Vidole vilikuwa vinamtetemeka. Akabonyeza, sefu ikalia kwa kukataa. Akabonyeza tena, ikakataa. Akageuka.

"Mbongo, nisaidie hapa."

Namba nilikuwa nazo. Hatua mbili tu. Nikasimama nimeganda, naona mwanasheria na miwani yake.

Mkono ukapita pembeni yangu. Wa Yaya. Akabonyeza namba zote nne, bila haraka, na sefu ikafunguka.

## Koti la friza

Brada aliingiza bastola, akafunga, akakaa kitandani.

"Namba nilikupa lini?"

Yaya hakuwa amepewa namba. Aliisoma.

Novemba iliyopita mama yake Brada alifariki Eldoret. Pesa zote za tiketi zilikuwa zimeshaishia kwenye bili ya hospitali, kwa hiyo Brada alimzika mama yake kwenye skrini ya simu, saa sita usiku ya huku, amekaa hapo hapo kitandani. Hakwenda kazini wiki mbili. Taa hakuwasha. Tulimpikia, tukampelekea sahani, tukaziondoa kama zilivyo. Mimi nilikuwa na mitihani. Nilisema atakaa sawa.

Yaya aliona karatasi ya wasifu wa marehemu, ile wanayotuma kwa WhatsApp yenye picha na maua. Ilikuwa na mwaka wa kuzaliwa. Siku moja Brada akiwa bafuni, Yaya aliingia akajaribu mwaka ule.

"Kule kwetu mutu akifiwa," alisema, "hamumuachi peke yake. Na hamumuachi na kisu. Hapa matanga haiko. Bale wa kulala naye chini hawako. Miye niko kazini usiku, huyu kijana iko na masomo yake. Sasa bunduki njo ilale naye?"

Alitoa risasi zote 15 kwenye magazini. Bastola akaiacha mahali pake ili Brada asishtuke. Risasi akazitia mfuko wa ndani wa koti lake la friza, akatembea nazo kazini na kurudi kwa siku kumi na mbili. Brada alipoanza kula, akazirudisha. Gizani, kwa haraka. Alirudisha 14.

Ya kumi na tano ilikuwa imepenya kwenye bitana. Ilikaa humo mpaka Februari, mpaka nilipofua lile koti.

Nadhani tulikaa kimya dakika nzima. Nilikuwa nikiitazama miguu yangu. Nilikumbuka ile jioni jikoni, chapati, Yaya na fufu yake, kichwa chini. Angeweza kunisahihisha kwa neno moja. Lakini neno hilo lingemwambia Brada kwamba mwenzake aliwahi kumwogopea nafsi yake, na Yaya aliona afadhali mimi nimwite Brada mwongo.

Nilikuwa na ile takwimu ya 26,328. Niliisoma kwa sauti sebuleni. Novemba, takwimu yenyewe ilipokuwa chumba cha pili, haili, mimi nilikuwa nasoma kwa mitihani.

Brada ndiye aliyevunja ukimya. "Kwa hivyo ile wiki mbili," akasema, "mwizi angekuja..."

"Ungemupiga na chuma," akajibu Yaya.

Brada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mto, na baada ya muda mabega yalikuwa yanatikisika namna nyingine. Yaya akakaa chini kwenye zulia, akaegemea kitanda. Nami nikakaa. Hakuna aliyerudi kulala. Alfajiri nikapika chai.

## Namba mpya

Sefu ipo pale pale kabatini. Sikushinda ule ubishi, na sijui hata kama bado niko upande niliokuwa. Nikisema sitaki bastola ndani, naisikia sauti yangu mlangoni: toa kitu. Nikisema basi ikae, namwona yule mlevi ngazini, mbao ya sentimita chache, na Yaya ambaye kwa kawaida usiku huwa kazini. Ilitokea tu kwamba wiki ile alikuwa likizo.

Brada amebadilisha namba. Jumapili moja alimwita Yaya chumbani, mlango ukafungwa, wakakaa kama nusu saa. Yaya ana kadi ya ukaazi, sheria haimkatazi. Mimi sikuitwa, na ndivyo ilivyopaswa kuwa, ingawa nitakiri kwamba iliniuma kidogo.

Kopo la Blue Band limebaki na sindano na vifungo. Siku niliyolifungua kutafuta uzi, risasi haikuwemo. Sikuuliza nani kaichukua.

Juzi nilimkuta Brada jikoni. Nilikuwa nimejiandaa, nimeshapanga maneno kabisa.

"Brada, ile siku nilikuita mwongo..."

Hakugeuka. Alikuwa anakata sukuma, nyembamba kama uzi, kama mama yake alivyomfundisha.

"Mbongo," akasema, "nguo zimekauka?"